Kifaru chenye Kiwiliwili cha Marekani na Kichwa cha Ufaransa

Huku kwetu pwani, mtu mzima akionekana ameinamia kipande kidogo mfano wa punje ya mchele, wembe mkononi na miwani puani, watu humdhania fundi wa saa. Akisema kwamba anaunda kifaru cha kivita kisichofika urefu wa shibiri moja, wenziwe hutazamana. Barazani nimeulizwa si mara moja: "Bwana we, umesomesha, umeoza, sasa unarudi utotoni?" Mimi hucheka tu, kwa sababu jawabu lake ni refu kuliko kikombe kimoja cha kahawa. Kwa kuwa leo nimepewa nafasi, nitalitoa lote.

Vifaru hivi vya mfano huuzwa vikiwa vipande vipande ndani ya sanduku. Mnunuzi akifungua hukuta fremu za plastiki zilizobeba vipande mia mbili, mia tatu au zaidi, karatasi ya maelezo, na vibandiko vya namba na alama za jeshi. Akiyafuata maelezo hatua kwa hatua, mwisho atapata kifaru kile kile kilichochorwa juu ya sanduku. Hiyo ni kazi ya subira, wala siidharau. Lakini iko kazi nyingine, na hiyo ndiyo iliyonikamata: kuchukua masanduku mawili au matatu ya vifaru mbalimbali, ukatoa kiwiliwili huku, kichwa kule, kifuniko cha injini kwingine, ukaunda kifaru ambacho hakimo katika sanduku lolote kati ya hayo.

Asiyeijua kazi hii atadhani ni mchezo wa kuchanganya pumba na mchele. Sivyo. Mwenye kuunga hivi hana karatasi ya kumwongoza. Kila anapokata hujiuliza: katika kifaru cha kweli, aliyekata hapa alikuwa nani, na alikata kwa haja gani? Maana majeshi nayo huunga. Vifaru vingi vilivyoingia vitani havikutoka kiwandani kama vilivyokuwa. Viliungwa na mafundi waliokuwa na chuma hiki na kukosa kile.

Kifaru nitakachokisimulia ni cha Misri.

Mwaka wa Suez

Wazee wetu waliokuwa na redio mwaka 1956 hawakuusahau mwaka ule. Redio ya Cairo ilikuwa imeanza kutangaza kwa Kiswahili tangu 1954, na Julai 26, 1956 Gamal Abdel Nasser akatangaza kwamba Mfereji wa Suez ni mali ya taifa la Misri. Oktoba 29 vita vikazuka. Israel iliingia Sinai, kisha Uingereza na Ufaransa zikafuata. Mfereji ukazibika, na meli za kutoka Ulaya zikawa hazina budi kuzunguka Rasi ya Tumaini Jema kule kusini ndipo zipande kuja Mombasa. (Shida hiyo hiyo ilirudi 1967, na mara hii mfereji haukufunguliwa mpaka Juni 1975.)

Basi katika jeshi la Misri la miaka ile palikuwa na kifaru cha ajabu. Kiwiliwili chake kilikuwa cha Sherman ya Marekani, ile aina iitwayo M4A4, mabaki ya Vita Vikuu vya Pili. Kichwa chake, yaani sehemu ya juu inayozunguka na kubeba mzinga, kilikuwa cha kifaru chepesi cha Kifaransa kiitwacho AMX-13. Injini nayo haikuwa ile aliyozaliwa nayo M4A4, bali ilikuwa ya dizeli, iliyotoka katika Sherman ya aina nyingine, M4A2.

Tazama nasaba yake. Injini ya asili ya M4A4 ilikuwa yenyewe kiungo cha viungo: kampuni ya Chrysler ilichukua injini tano za magari, kila moja ya silinda sita, ikazifunga pamoja zikawa silinda 30. Dude hilo lilikuwa kubwa mno, na kiwiliwili kikalazimika kurefushwa ili lipate kukaa. Ndiyo sababu mnyororo wa M4A4 una pingili 83 kila upande, na wa ndugu zake una 79. Viliundwa 7,499, na vingi vikaenda kwa Waingereza. Ile dizeli ya M4A2 nayo ilikuwa injini mbili za General Motors zilizofungwa pamoja. Tukija kwenye mzinga wa AMX-13, wa milimita 75, Wafaransa waliubuni baada ya kuusoma vizuri mzinga wa kifaru cha Kijerumani cha Panther. Kwa hiyo ndani ya kifaru kimoja cha Misri mna Chrysler, mna General Motors, mna Mfaransa, na mna somo la Mjerumani. Nasaba kama hiyo ingemtoa jasho mzee yeyote anayejisifu kwa kujua koo.

Msomaji atauliza: Sherman si ilikuwa na mzinga wa milimita 75 tangu mwanzo? Kwa nini kuondoa 75 na kutia 75? Hapo ndipo penye siri. Milimita hizo ni upana wa tundu tu. Mzinga wa zamani ulikuwa na mtutu mfupi na baruti kidogo, na kombora lake lilikwenda polepole. Ule wa Kifaransa ulikuwa na mtutu mrefu na baruti nyingi, na kombora lake lilitoka kwa kasi iliyoweza kutoboa chuma kinene zaidi. Yaani upana ni ule ule, lakini nguvu ni mbali kama mbingu na ardhi.

Tena kichwa hiki hakifanani na vichwa vya vifaru vingine. Kimegawanyika sehemu mbili. Ya chini huzunguka kulia na kushoto. Ya juu, iliyoshika mzinga, imetundikwa juu ya ile ya chini na hucheza yote pamoja kwenda juu na chini kama pembea. Kwa sababu mzinga na sehemu ya nyuma ya kichwa huinuka na kuinama pamoja, Wafaransa waliweza kuweka huko nyuma magudulia mawili yanayozunguka, kila moja lina makombora sita, nayo huulisha mzinga yenyewe. Hakuhitajiwa askari wa kutia makombora. Ndani ya kichwa walikaa watu wawili badala ya watatu wa Sherman. Faida hiyo ilikuwa na bei yake: makombora 12 yakiisha, mtu sharti atoke nje ayajaze magudulia upya, na chuma cha kichwa hicho ni chembamba kuliko cha kichwa kilichoondolewa.

Jambo linalonishangaza mpaka leo ni hili. Israel nayo ilikuwa na Sherman, na muda mfupi kabla ya vita vya 1956 ilianza kupata mzinga wa ukoo huo huo kutoka Ufaransa. Wao hawakutia kichwa kizima. Walichukua mzinga peke yake wakaulazimisha ndani ya kichwa cha zamani cha Sherman, na kifaru hicho wakakiita M-50. Hivyo pande mbili zilizopigana zilikuwa na kiwiliwili cha kiwanda kimoja na mzinga wa ukoo mmoja, tofauti ikiwa ni namna ya kuunga. Muuzaji alikuwa mmoja, na katika vita hivyo muuzaji huyo mwenyewe alishuka Port Said na Port Fuad pamoja na AMX-13 zake. Mimi sikuyajua hayo kwa kusoma siasa. Niliyajua kwa kutafuta kichwa cha plastiki kingenifaa vipi.

Kipimo cha betri

Kabla hujakata chochote lazima uyajue masuala ya kipimo. Juu ya kila sanduku pana namba kama 1/35, maana yake sentimita moja ya mfano ni sentimita 35 za kifaru cha kweli. Kipimo cha 1/72 kina hesabu inayoeleweka, kwani inchi moja ni futi sita. Kile cha 1/76, ambacho Airfix ya Uingereza ilikitumia sana kwa vifaru vyake, kimetoka katika garimoshi za kuchezea: milimita nne kwa futi moja. Lakini 35 ilitoka wapi?

Jawabu lake linachekesha. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 kampuni ya Tamiya ya mji wa Shizuoka, Japani, ilitengeneza kifaru cha Panther chenye mota, kiweze kutembea sakafuni. Ukubwa wake ulipangwa ili betri mbili na mota zipate nafasi ndani. Kilipopendwa, wakataka kutoa vingine vya ukubwa huo, wakakipima, wakaona kinakaribia moja ya thelathini na tano. Viwanda vingine vikafuata, na mpaka leo dunia nzima ya vifaru vya plastiki inatembea kwa kipimo kilichoamuliwa na tumbo la betri.

Jirani yangu, ambaye mimi humwita Ami kwa umri wake, alikuwa baharia katika miaka ya 1970, na meli yake ilipofika Kobe au Yokohama yeye hununua masanduku hayo kuwaletea watoto. Anakumbuka vifaru vikipanda mito ya viti sebuleni mpaka betri zikaisha. Moja kati ya masanduku hayo halikufunguliwa, akanipa. Chini ya kiwiliwili pana matundu ya swichi na nafasi ya mota, na mwenye kutaka kifaru cha kuangaliwa lazima ayazibe yote kwa vipande vya plastiki na puti. Minyororo yake ni ya mpira laini. Iliyoachwa miaka mingi imegusana na magurudumu huyala magurudumu yakayeyuka kama mshumaa, na kwa hivyo masanduku ya zamani hufunguliwa kwa bismillahi.

Sasa hatari ya kipimo ni hii. Kiwiliwili cha M4A4 ya kweli kina urefu wa mita 6 na sentimita 6. Katika 1/35 ni kama milimita 173. Katika 1/32, kipimo walichokitumia Monogram wa Marekani, ni milimita 189. Tofauti ni zaidi ya sentimita moja na nusu. Tundu linalobeba kichwa cha Sherman lina upana wa inchi 69, karibu mita 1.75, katika 1/35 ni milimita 50, katika 1/32 ni karibu 55. Ukikiweka kichwa cha sanduku moja juu ya kiwiliwili cha sanduku jingine, jicho litakataa hata kama hujui hesabu. Kitafanana na mtoto aliyevaa kofia ya babake. Kati ya 1/72 na 1/76 tofauti ni ndogo zaidi, na wako wanaoifumbia macho. Mimi siipendi. Afadhali kungoja sanduku la kipimo sawa hata ukingoja mwaka.

Wala usidhani kwamba namba ikilingana mambo yamekwisha. Viwanda viwili vyenye 1/35 juu ya sanduku huweza kuhitilafiana milimita mbili au tatu katika kitu kile kile, hasa vile vya zamani vilivyopanua tumbo ili mota ienee. Rula ya chuma haina urafiki na kiwanda, na ndiyo ninayoiamini.

Kuunga kwenyewe

Kiwiliwili nilikipata katika sanduku la Firefly VC. Firefly ni kifaru cha Waingereza cha 1944, nacho pia ni kiungo: Sherman ya Marekani iliyotiwa mzinga mkubwa wa Kiingereza, na hiyo aina ya VC hukaa juu ya kiwiliwili hicho hicho kirefu cha M4A4. Ni chaguo zuri, lakini lina mtego. Waingereza, ili wapate nafasi ya makombora marefu, walimwondoa askari aliyekaa mbele pembeni mwa dereva, wakaliziba tundu la bunduki yake kwa bamba la chuma. Mwenye kukichukua kiwiliwili hicho kwa kifaru cha nchi nyingine atazame picha kwanza, aone tundu lilizibwa au li wazi, asikubali tu alichopewa na sanduku.

Kichwa kilitoka katika sanduku la AMX-13. Kifuniko cha nyuma cha injini kilihitaji sanduku la tatu, la M4A2, kwa sababu injini ilipobadilishwa, milango na matundu ya kupumulia yaliyo juu yake hayawezi kubaki kama yalivyokuwa. Masanduku yote matatu yaliletwa na jamaa, moja kutoka Uingereza na mawili kutoka Ghuba, yakiwa katikati ya nguo ndani ya mikoba. Bei yake sitaitaja humu, maana gazeti hili husomwa hata nyumbani kwangu.

Shingo ya kichwa cha AMX-13 ni nyembamba kuliko tundu la Sherman. Hapo ndipo kazi yote ilipo. Nilichora kwa bikari juu ya bapa la plastiki pete yenye upana wa nje wa milimita 50, nikaikata kwa wembe, nikaipiga msasa mpaka ikaingia tundu lile bila kulazimishwa, kisha ndani yake nikachonga tundu la shingo mpya. Nilipokuwa katika kazi hii Ami aliingia, akakaa, akaitazama pete kwa muda mrefu.

"Mwanangu," akasema, "hilo si geni. Nimeona jahazi likitiwa injini ya lori. Kuitia injini haikuwa kazi. Kazi ilikuwa kuitafutia pa kukalia, isije ikalipasua jahazi."

"Ndivyo, Ami. Na hawa nao walilazimika kukitafutia kichwa pa kukalia."

"Na mwenye jahazi alifanya vile kwa sababu hakuwa na fedha za kununua boti."

Sikuongeza neno, kwa sababu alikuwa amemaliza. Misri ilikuwa na Sherman kuukuu ambazo mizinga yake ilikuwa imepitwa na wakati, na kifaru kipya kamili kilikuwa ghali na kigumu kupatikana. Septemba 1955 Nasser alitangaza mapatano ya kununua silaha kupitia Chekoslovakia, na tangu hapo vifaru vya Kirusi vikaanza kumiminika. Kile cha kuungwa kikabaki nyuma, ingawa kilionekana vitani 1956 na tena 1967.

Pete ikishakaa, usikimbilie gundi. Weka kichwa kikavu, kizungushe. Kichwa hiki kina kisogo kirefu kinachobeba yale magudulia, na kwa sababu sehemu ya juu hucheza kama pembea, mtutu ukipanda kisogo hushuka. Nilikigeuza upande wa nyuma, nikainua mtutu, nikaona kisogo kinataka kugusa kifuniko cha injini. Nikakiongezea pete unene wa plastiki ya nusu milimita, kikapita. Ni nusu milimita tu, lakini katika ukubwa wa kweli ni karibu sentimita mbili za chuma, na fundi aliyekuwa na kifaru chenyewe mbele yake alikutana na suala la namna hiyo hiyo kabla yangu.

Gundi ya plastiki haibandiki kama gundi ya karatasi. Huyeyusha ngozi ya vipande viwili vikashikana vikawa kitu kimoja, mfano wa kulehemu. Kwa hiyo ukishatia hurudi nyuma. Vipande vya rezini, ambavyo mafundi wadogo huvimimina wenyewe majumbani, haviyeyuki kwa gundi hiyo na huhitaji supa glu. Mipasuko huzibwa kwa puti, ikikauka hupigwa msasa uliotiwa maji, kisha rangi ya kwanza ya kijivu hupakwa ili kila aibu ionekane. Hapo plastiki za viwanda vitatu, moja ya kijani, moja ya kijivu, moja ya rangi ya mchanga, huwa rangi moja, na asiyeambiwa hatajua.

Rangi ya mwisho ilinichelewesha kuliko vyote. Kimoja kati ya vifaru hivi vya Misri kiko Latrun, kati ya Jerusalem na Tel Aviv, katika makumbusho ya vifaru ya Israel, kikiwa nyara ya vita. Waundaji wa dunia nzima hukitegemea hicho kwa picha na vipimo. Tafakari: anayetaka kujua kifaru cha Misri kilikuwaje humwendea aliyekiteka. Chuma nakiamini, kwa kuwa chuma hakibadiliki umbo. Lakini rangi iliyopakwa makumbushoni si lazima iwe rangi aliyopigania nayo. Nilitumia rangi ya mchanga, nikaipausha kwa jua la Sinai, na alama nikazitia chache.

Sanduku ni la nani?

Ingia duka lolote la vitu hivi Ulaya au Japani utazame rafu. Utaona vifaru vya Wajerumani wa Vita Vikuu vya Pili safu kwa safu, kisha vya Wamarekani, Warusi na Waingereza. Hata vifaru vilivyoundwa vichache sana vina masanduku kwa sababu tu vilikuwa vya Ujerumani. Kwa miaka mingi aliyetaka kifaru cha Misri, au T-34 ya Syria iliyovuliwa kichwa ikabebeshwa mzinga wa milimita 122, hakuwa na njia ila kukata na kuunga. Baadaye viwanda viliuona mwanya huo, vikaanza kutoa vifaru vya vita vya Mashariki ya Kati. Vizuri. Lakini kiwanda kinapokufungia kila kitu tayari, huulizi tena kwa nini shingo haikuenea tundu.

Wako pia wanaounga bila kutafuta ukweli wowote. Waundaji wa filamu ya Star Wars ya 1977 walinunua masanduku ya vifaru, ndege na magari kwa wingi, wakavibandika vipande vyake juu ya vyombo vyao vya angani ili vionekane mitambo ya ajabu. Ni ufundi, na sinema ilipendeza watu. Lakini ni ufundi wa jicho. Gurudumu la kifaru likiwa ubavuni mwa chombo cha angani halimwambii mtu chochote kuhusu gurudumu.

Nimeulizwa pia juu ya askari. Masanduku mengi huja na vijitu vya plastiki, dereva na kamanda wake, wa kupakwa nyuso na kuwekwa juu ya kifaru. Mambo ya sura za viumbe yana wenyewe wa kuyafafanua, nami si miongoni mwao. Mimi huviacha vijitu ndani ya sanduku na kuvifunga vifuniko vyote. Rafiki yangu mmoja husema kifaru bila mtu hakielezi vita. Mimi naona kinaeleza vya kutosha. Mlango wa kifaru uliofungwa humfanya mtazamaji ajiulize aliye ndani ni nani.

Kila muundaji ana bweta la masalio, na langu sasa lina kichwa cha Firefly kisicho na mwili, na kiwiliwili kizima cha AMX-13 kisicho na kichwa. Hicho cha pili kina kisa chake. Wafaransa wenyewe, katika vita vya Algeria vilivyodumu tangu 1954 mpaka 1962, walitumia viwiliwili vya AMX-13 vilivyotiwa vichwa vya kifaru cha Kimarekani kiitwacho Chaffee. Aliyewauzia wengine vichwa aliazima kichwa naye. Ami aliponiuliza kitakachofuata kitakuwa cha nani, nikamwambia ni cha waliopigana na Waalgeria. Alifikiri kidogo, akauliza kama nitakiweka rafu moja na kile cha Misri. Nimekwisha kukipimia nafasi rafu ya chini. Sanduku la Chaffee, la kiwanda cha Italia, limeshanunuliwa na liko kwa mpwa wangu Dubai, ambaye anasema atalileta akija kwa Idi, ikiwa uzito wa mkoba utamruhusu.